Houston Imeshinda

Nilipopangiwa kazi ya uuguzi katika zahanati ya Machochwe, wenzangu wa Muheza walinionya kuhusu mambo mawili: tembo wa hifadhini na hasira za Wakurya. Tembo nimewaona. Wanakula mahindi ya watu na kuondoka bila kuaga. Wakurya ndio walionipangisha chumba chenye mlango unaofungika, na sijawahi kufokewa isipokuwa siku niliyouliza kama kichuri, mchuzi wao wa matumbo na nyongo, kinaweza kupikwa bila ule uchungu wake. Hakuna aliyenionya kuhusu Chicago.

Chicago niliikuta uani kwa mama mwenye nyumba wangu. Anaitwa Nyangi, mjane mwenye meno yote na magoti mawili mabovu. Jumapili yangu ya kwanza alinijia mlangoni akaniomba simu, kwa sababu simu yake ni ya tochi na ya binti yake kioo kimepasuka.

"Dokta," akasema, maana hapa kila avaaye sare nyeupe ni dokta, "wanangu wanataka kuonekana."

Nikatoa kigoda changu nje, karibu na mpera, ambapo mtandao hushika, nikakaa nimeinua simu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, mimi ndiye mshika simu wa ukoo huu, cheo ambacho hakimo katika mkataba wangu wa kazi.

Waliotaka kuonekana ni wawili. Mniko, kifungua mimba, anaendesha lori Chicago. Felix, kitinda mimba, anafanya kazi ghalani Houston. Walikwenda Marekani wakipishana miaka michache, kila mmoja akaangukia mji wake, na tangu hapo hawajakubaliana ni upi unaomfaa binadamu kuishi. Ni utani, wala hawachukiani. Lakini ni utani wa Simba na Yanga, mtu anacheka huku ameuma meno.

Mniko alitangulia na ziwa. "Mama, Chicago iko kando ya ziwa, kama Musoma. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo."

"Ziwa gani linaloganda?" Felix akadakia. "Mama, lile la Musoma limewahi kuganda?"

Jumapili iliyofuata Felix alijitokeza amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe. Alisema Houston kila mwaka kuna maonyesho makubwa ya ng'ombe, na watu wazima, wenye akili zao, wanalipa kiingilio ili wawaone. Hapo alizoa wazee wote wa kitongoji. Mtu anayelipa ili aone ng'ombe, walisema, huyo ni mtu wa kukaa naye jirani. Mniko akajibu kwa picha ya barabara ya Houston baada ya mvua, magari yamezama hadi vioo. Nyangi aliitazama kwa muda.

"Bwawa la Manchira limehamia barabarani," akasema.

Felix naye akalipiza kwa picha ya kaka yake ameshika koleo, anafukua gari lake kwenye theluji. "Mama, wewe unachimba viazi. Chicago wanachimba magari!"

Kijiji kikagawanyika. Danford, mwenye mashine ya kusaga, ni Chicago. Alisikia kwamba mji ule unasifika kwa upepo, akaona mji wenye upepo ni mji wa kupepetea ulezi. Akina mama wa kwaya ni Houston kwa sababu ya joto. Waliniambia, mimi muuguzi, kwamba joto linakausha maumivu ya viungo. Sikuwabishia. Katika kijiji hiki nilishabishana kuhusu dawa ya minyoo, na hiyo inanitosha.

Mwamuzi alikuwa Nyangi, na alikuwa na vipimo vyake.

"Huko kuna tembo?"

"Hakuna, mama," wakajibu wote wawili.

"Kuna wezi wa ng'ombe?"

"Mama, ng'ombe hawakai mjini."

"Sasa wezi wanaiba nini?"

Wakatazamana, Chicago na Houston, kila mmoja katika kisanduku chake. "Magari," Mniko akasema.

"Hata huko Houston?"

"Hata huku," Felix akakiri.

"Leo sare," Nyangi akatangaza, akacheka mpaka akashika mbavu. Kila Jumapili ilikuwa sare.

Salome hakuwa upande wowote. Huyu ni binti wa katikati, mkubwa kwa Felix, mdogo kwa Mniko, na wakati wa mechi hizo yeye huwa amepiga magoti anamkanda mama yake miguu kwa mafuta ya moto. Aliolewa Kewanja, kule kwenye mgodi. Mumewe alipata kazi, kisha akapata pesa, kisha akapata tabia ya kupiga. Salome alirudi kwao na watoto watatu na mkono wa kushoto uliovunjika ukaunga vibaya. Mkono ule nimeushika mwenyewe, najua ulivunjwa na nini, na haukuvunjwa na kuanguka. Ng'ombe wa mahari yake hawakuwapo wa kurudishwa, kwa sababu walikuwa wameshageuka tiketi ya ndege ya Mniko.

Sasa, kwa mila ya hapa, nyumba ya mama ni ya kitinda mimba wa kiume. Mniko alikatiwa kiwanja chake na baba yake zamani. Nyumba ya Nyangi, ua wake, migomba na shamba la nyuma ni vya Felix. Salome hata akifagia mpaka ufagio uishe, ni mgeni anayefagia. Serikali ina sheria yake inayosema vingine, nzuri kabisa, nimeiona imebandikwa ukutani ofisi ya kata, karibu na kalenda ya mwaka juzi.

Mambo yangeendelea hivyo, sare kwa sare, kama magoti ya Nyangi yasingekataa kazi. Mwaka huu alianza kuamka kwa kushika ukuta. Wanawe wakaona kwenye simu, wakashtuka, na utani ukapata kitu cha kupigania. Mama aje Marekani, aishi huko, atibiwe. Karatasi za safari zikashughulikiwa, zikafika pazuri. Likabaki jambo moja tu: mama aseme anakwenda kuishi kwa nani.

Hapo ndipo Machage alipovuka ua.

Machage ni mdogo wa marehemu mume wa Nyangi. Mji wake, maana hapa boma ni mji, na huu wetu imetenganishwa na ua wa minyaa, na ua ule, kama ukiutazama kwa miaka, utaapa kwamba unatembea, na hauendi upande wake. Ni mtu mpole wa maneno. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, wala sijamsikia akikosa alichotaka. Mwaka jana nilimwona akichukua shamba la marehemu binamu yake mbele ya kikao cha wazee. Zahanati yetu inapakana na uwanja wao, nami nilikuwa dirishani napanga chanjo. Yule binamu alikuwa amezikwa Mwanza, katika kiwanja alichonunua huko. Watoto wake walikuja kudai shamba. Machage akasimama, akakohoa kidogo, akasema: "Aliyechagua kaburi kwingine amehama. Shamba halimngoji mtu aliyehama." Wazee wakatikisa vichwa wakakubali, na watoto wale wakapanda basi la kurudi Mwanza.

Siku aliyokuja uani kwetu alikaa kwenye kigoda changu. Salome alimwamkia shikamoo, akaleta uji.

"Shemeji, ukishasafiri," Machage akamwambia Nyangi, "usiwe na wasiwasi na mji. Nitauangalia mimi mpaka Felix atakaporudi."

Kila mtu hapa anajua maana ya kuangalia. Mali ikiangaliwa na Machage, mwenyewe haioni tena.

"Na Salome?" nikauliza mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza mimi kitu.

Machage alinigeukia kwa upole wake wote. "Salome ana mume Kewanja, Dokta."

Nilimchukia pale pale, na sikuona sababu ya kuficha. Nilimwomba anipishe kigoda changu. Akanipisha, akamalizia uji amesimama.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Salome anasugua sufuria kwa majivu, akiibana kwa mkono wake mbovu. Nikamwambia awaeleze kaka yake na mdogo wake. Simu ninayo, bando ninalo, dakika tano zinatosha.

"Niwaeleze nini?" akasema. "Mama apate daktari wa magoti, mimi nimshike nguo? Wataona namzuia kwa ajili ya nyumba."

"Kwani si kwa ajili ya nyumba?"

"Ndiyo maana sisemi." Akamwaga maji machafu kwenye migomba. "Wao wanabishana mvua na theluji, Shani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama akiondoka mimi nalala wapi. Siyo wabaya. Hawajawaza tu."

Nyangi alikuwa amekaa mlangoni, anachambua mboga, na masikio yake hayana ubovu wowote. Aliendelea kuchambua.

Jumapili ya uamuzi uani palijaa. Danford alifunga mashine. Akina mama wa kwaya walikuja na sare zao kutoka kanisani. Machage alikuja na wazee wawili, ili, kama alivyosema, maneno yawe na masikio. Salome alikuwa amevaa gauni lake zuri, na nilipoliona nililielewa: mtu anayengoja kufukuzwa hapendi akutwe na kanga ya jikoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikainua simu.

Chicago ilikuwa inakunywa chai. Houston ilikuwa imevaa kofia.

"Leo natoa mshindi," Nyangi akasema. "Lakini semeni kwanza, kila mtu kwa mara ya mwisho."

Mniko akasema hospitali. Chicago kuna hospitali kubwa, atamwendesha mwenyewe mlango hadi mlango, na nyumba yake haina ngazi. Felix akasema ndiyo, haina ngazi, ina barafu mlangoni, na mtu mwenye magoti mabovu akiteleza huko ataokotwa majira ya joto. Kwaya ikaangua kicheko. Mniko akasema Houston wenyewe majira ya joto hawatoki nje, wanaishi ndani ya friji. Danford akapiga kelele za kushangilia. Hata wale wazee wawili walianza kutabasamu. Machage peke yake alikuwa anatazama paa la nyumba, bati moja baada ya jingine, kama mtu anayechagua.

"Mmesema vizuri," Nyangi akasema. "Sasa nina swali. Nikifia huko, nitalala wapi?"

Mniko akaweka kikombe chini. "Mama, mbona unakimbilia huko? Tutakuleta nyumbani. Utalala kando ya baba."

"Vizuri. Na wewe je, siku yako?"

"Mimi?" Mniko alifikiri. "Huku watu wa Mara tuna chama. Mtu akifariki tunachanga, anasafirishwa. Na mimi nitaletwa."

Makofi. Lilikuwa bao safi, na kila mtu uani aliliona likiingia. Felix naye aliliona. Nilikuwa nimeishika simu, nilimwona anavyovua kofia na kuikaribia kamera, kama mtoto aliyenyimwa zamu.

"Chama cha kuchanga!" akasema. "Mama, Chicago mtu anakufa ndipo wanaanza kupitisha kofia. Huku tumejipanga. Mimi na mke wangu tumeshanunua pa kulala. Tayari kabisa! Pazuri, mama, sijui nikuelezeje. Pana miti ya kivuli, nyasi zinamwagiliwa kiangazi chote, pana hata kibwawa cha bata. Hakuna mtu atakayesumbuliwa. Na nafasi yako ipo hapo hapo, tumeiweka."

Akangoja makofi.

Hayakuja. Kwaya waliokuwa wanacheka walifunga midomo. Danford akatazama viatu vyake. Mimi nilitoka pwani, kwetu mtu huzikwa alipo, na kabla ya jua kuzama ikiwezekana, kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba kijana huyu alikuwa ametoka kutangaza jambo zito mbele ya kijiji kizima huku anatabasamu. Kaburi la baba yake lilikuwa hatua chache nyuma yangu. Kando yake palikuwa na nafasi ya Nyangi, na baada ya Nyangi nafasi ya atakayeirithi nyumba ya Nyangi. Watoto wa Salome hawaruhusiwi hata kuchezea gololi pale.

Mniko ndiye aliyeelewa wa kwanza kati ya wale wawili. "Felix," akasema polepole, "bwana mdogo, umesema nini?"

"Nimesema tumenunua. Kwani?"

Nyangi aligeuka kwenye kiti chake, na kwa magoti yale haikuwa kazi ndogo, akamtazama Machage.

"Shemeji, mwaka jana ulisema neno kwenye kikao. Mimi sikuwepo, miguu ilinikataza, lakini nilisimuliwa. Hebu lirudie nilisikie kwako."

"Neno gani, shemeji?"

"Lile la Mwanza."

Machage akakohoa kidogo. Akawatazama wale wazee wawili aliowaleta mwenyewe, na wale wazee wakamtazama yeye, kwa sababu ndio waliokuwa wamekaa mbele kabisa siku ile. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amekuja na mashahidi wa kumwona akiingia.

"Aliyechagua kaburi kwingine amehama," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kama kawaida, ila ilikuwa ndogo.

"Na mali yake?"

"Haimngoji."

"Asante." Nyangi akairudia simu. "Mniko, wewe ni mkubwa. Una neno na nyumba yangu?"

"Mimi baba alinikatia changu, mama. Sina neno." Mniko akajifuta uso kwa kiganja. "Na ng'ombe walionileta huku walikuwa wa Salome. Tangu nifike sijawahi kulisema hilo mbele za watu. Nalisema leo."

"Salome," Nyangi akaita.

Salome alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono nyuma.

"Wewe utalala wapi?"

Hakuwa amejiandaa. Aliwatazama wanawe watatu, akatazama paa, kisha akanyoosha ule mkono wake uliopinda, akaonyesha mahali palipofagiwa kando ya kaburi la baba yake. "Hapo," akasema. "Chini yako, mama. Kama nitaruhusiwa."

"Umeshasema. Wazee, mmesikia? Shemeji, umesikia?"

"Tumesikia," wakasema wale wawili. Machage akasema kwamba na yeye amesikia. Nilimtazama vizuri ili nihakikishe midomo yake imetembea, na nilifurahi. Nilifurahi sana, nasema wazi.

Kule Houston, Felix alikuwa bado ameishika kofia yake mkononi. Kelele za uani zilimfikia vipande vipande, na nadhani mtandao ulimmeza nusu ya maneno, au labda hakutaka kuyapata yote.

"Mama," akaita. "Mama, kwa hiyo nani ameshinda?"

Nyangi alinishika mkono, akaisogeza simu karibu na uso wake, karibu mpaka nadhani kule alionekana macho tu.

"Houston imeshinda, mwanangu," akamwambia. "Imekuchukua."

Kisha akaniambia nikate. Hakulia. Alidai mboga za usiku, akaanza kuchambua, na watu wakatawanyika, Chicago na Houston, bila kutaniana njiani.

Nyangi hakwenda kuishi kokote. Magoti aliyapeleka Mwanza, na sasa anaamka bila kushika ukuta, ingawa anasema ni mafuta ya Salome. Ua wa minyaa umeacha kutembea. Salome amepaka nyumba chokaa na ameniongezea kodi kidogo, jambo nililolilalamikia kama inavyopasa.

Jumapili mbili simu haikulia. Ya tatu ikalia, kisanduku kimoja tu. Felix, hana kofia. Nilijua ilikuwa asubuhi ya mapumziko kule, lakini alikuwa ameshavaa, na alionekana mtu ambaye hakulala vizuri. Aliniamkia, akaniuliza habari za kazi, habari za tembo. Nikamwambia tembo wako salama, mahindi ndiyo hayako salama. Hakucheka.

"Dada Shani, wewe si mtu wa huko, nakuuliza wewe," akasema. "Pale karibu na baba. Bado pana nafasi?"

Nilikuwa na majibu mengi, mengine yenye pilipili. Lakini halikuwa swali langu. Nikanyanyuka kwenye kigoda, nikavuka uani, nikampa simu Salome, kwa sababu sasa ndiye mwenye kujibu.

Salome alifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama mdogo wake kwa muda, uso mdogo ndani ya kioo, kijana ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni akienda kuchota maji.

"Nafasi ipo, mdogo wangu," akasema. "Lakini njoo uione ukiwa unatembea."